Dereva na Utingo

Sisi wake wa madereva wa malori tuna sheria moja ambayo haijaandikwa popote: mume akiwa safarini haambiwi jambo baya. Paa likivuja, unaweka ndoo. Mtoto akivunjika mkono, unamkimbiza hospitali, anafungwa plasta, na jioni simu ikilia unasema sote wazima. Baba mtu atajua akirudi, akishaoga, akishakula. Mimi nilifundishwa sheria hiyo na watu wawili nilipoolewa. Wa kwanza ni mume wangu mwenyewe, aliyenieleza huku akifunga kamba za viatu, kama mtu anayemwelekeza mgeni choo kilipo. Wa pili ni jirani yetu tunayemwita Mama Breki, mjane wa dereva, na jina lenyewe ni la utani kwa sababu mdomo wake ndio hauna breki. Yeye alinipa na mfano. Shemeji yake alipigiwa simu kwamba baba yake amefariki. Akajibu sawa, akakata simu, na kona iliyofuata hakuiona. Sikuhitaji mfano mwingine.

Kwa hiyo nikisimulia haya, mtu asinikodolee macho. Sijasema kwamba nilikosea. Nasema nilifuata sheria.

Tulikaa miaka bila mtoto, na miaka hiyo siielezi, maana aliyeipitia anaijua na asiyeipitia atanipa ushauri. Mwisho wa vipimo vyote tuliambiwa mirija yangu imeziba, na njia iliyobaki ni mayai yatolewe, yarutubishwe maabara, kisha yarudishwe tumboni. Nikaanza kujidunga sindano. Dawa ilikaa kwenye friji pamoja na nyanya, na kila asubuhi nilisimama pale jikoni nimefunua tumbo, simu imewekwa sauti ya juu, mume wangu akiwa kwenye foleni ya malori huko mpakani ananihesabia: moja, mbili, tatu, choma. Kwa upande wake yeye aliitwa mara moja tu, akapewa kikopo na chumba chenye kiti kimoja. Alipotoka jasho lilikuwa linamchuruzika. Akaninong'oneza, "Nimeshateremsha lori mlima wenye ukungu, breki zinanuka moto. Lakini kazi ya leo, bibie, niliogopa."

Siku ya kupandikiza alikuwa safarini tena. Daktari, mama mmoja mwenye miwani inayoning'inia kifuani, alinieleza kwamba tuna viinitete viwili vizuri, na ushauri wake ni kurudisha kimoja na kugandisha kingine, kwa sababu mimba ya pacha ina hatari zake kwa mama na kwa watoto. Nilimpigia mume wangu ili asikie mwenyewe. Alisikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Daktari, lori la tani thelathini halisafiri na gunia moja."

Daktari hakucheka. Mimi nilicheka, na nikatia saini viwili.

Vyote vikashika. Kwenye skrini niliona vidoa viwili, kila kimoja kwenye chumba chake, na ndani ya kila kidoa kitu kinapepesa kama taa ya kuonyesha gari linakata kona. Hiyo ni lugha ya mume wangu, imeniambukiza. Mmoja alikuwa mkubwa kidogo kuliko mwenzake. Nilipomweleza jioni akawabatiza papo hapo: mkubwa ni Dereva, mdogo ni Utingo.

Utingo ni yule anayepanda lori pamoja na dereva. Anaweka mawe kwenye matairi gari likisimama mlimani, anakagua kamba za turubai, lakini kazi yake kubwa hasa ni kupiga domo ili dereva asisinzie. Kampuni ya mume wangu ilikuwa imeshawaondoa utingo wote. Alisafiri peke yake siku zote na kuzungumza na redio, na redio haina majibu. Nadhani ndiyo maana jina hilo lilimjia haraka.

Tangu hapo kila jioni, akishaegesha, alipiga simu. Salamu zangu zilikuwa fupi, nikaambiwa, "Haya, niweke." Niliweka simu tumboni nikiwa nimelala chali kwenye kochi, nikasikia sauti yake ikinitetemesha ngozi. "Dereva, shikamoo mkuu. Usilale, wewe ndiye mwenye usukani. Utingo, mwangalie mwenzio. Mpigie hadithi. Akisinzia mfinye." Baadaye akaniuliza wamesemaje, nami nikatunga jibu. Mwanamume mzima, ana ndevu na kitambi, alikuwa anasubiri jibu hilo kwa dhati.

Na hakuweza kunyamaza. Kila kituo cha mizani walijua. Madereva wenzake walipopishana naye walimpigia honi mbili, moja ya kila mtoto. Mama yake alijua, na akishajua yeye ukoo wote umejua.

Halafu nikaenda kliniki kwa kipimo cha kawaida.

Nesi alinipaka ile jeli ya baridi, daktari akaweka kifaa chake, na akanyamaza. Mimi kazi yangu ni simu. Nakaa kwenye kitengo cha malalamiko cha kampuni ya maji, kifaa kichwani, kutwa nasikiliza watu, na ukimya wa kila aina naujua. Kuna mtu anayetafuta namba ya mita, kuna mtu anayejipanga kukutukana, na kuna mtu anayetafuta namna ya kukuambia. Nesi akaisogeza skrini taratibu upande wake.

"Sema, daktari," nikasema.

"Mmoja anaendelea vizuri sana," akasema. "Mwenzake mapigo yamesimama."

"Yupi?"

"Yule mdogo."

Alinieleza yote vizuri, sina lawama naye. Kwamba hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyojua. Kwamba si chakula nilichokula wala ndoo niliyoinua. Kwamba hatatolewa, mwili utamnyonya kidogo kidogo, na huenda nisione hata tone la damu. Nikaomba warudishe skrini. Nesi alimtazama daktari, kisha akairudisha, nikatazama mpaka nikatosheka, ingawa kutosheka si neno lake.

Kwenye korido nilitoa simu. Jina lake lilikuwa la kwanza kabisa kwenye orodha. Nilijua yuko wapi saa ile: anateremka ule mlima wenye kona, shehena ya saruji mgongoni. Nikairudisha simu kwenye mkoba na kwenda kazini.

Jioni nilikwenda kwa Mama Breki, maana nilihisi nikiingia nyumbani peke yangu nitapiga ukuta ngumi. Alinikaribisha, akanimiminia chai, akanisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo kwake ni muujiza. Kisha akanishika goti.

"Pole, mwanangu. Sasa mshukuru Mungu aliyekuachia mmoja. Wenzio hata huyo hawana."

"Ndiyo, mama."

"Na mumeo usithubutu kumwambia. Umenisikia? Huyo yuko kwenye usukani."

"Nimesikia."

Nikamshukuru kwa chai, maana nililelewa hivyo. Lakini moyoni nilikuwa nachemka. Mtu akikatwa mguu humwambii ashukuru ana mwingine. Unampa kwanza nafasi alie mguu wake. Mimi nilipewa chai na amri. Na mama mkwe, ambaye angelia nami kwa moyo wote, sikuweza kumwambia. Mama yule hana baya hata chembe, lakini angempigia mwanawe simu kabla hajafuta machozi. Kila alipopiga aliuliza, "Pacha wangu wameamkaje?" nami nikajibu, "Salama, mama," nikauonea kinyaa ulimi wangu mwenyewe.

Simu ya mume wangu ililia usiku ulipoanza kuingia. Alikuwa na furaha, mlima umeisha salama.

"Haya, niweke."

Nililala kochini nikaisogeza simu, na mkono wangu ukakataa. Sijui nieleze vipi. Niliona kama naenda kumfanyia mtoto yule dhihaka, au baba yake, au wote wawili. Nikanyanyuka, nikaiweka simu mezani, karibu na kikopo cha chumvi, nikaenda kusimama kwenye sinki na kufungua bomba ili asinisikie. Nikiwa pale niliisikia sauti yake ikiongea na meza. "Utingo, leo umeshindaje? Mwenzio hajasinzia? Mfinye!" Akacheka peke yake.

Nikarudi. "Wamesemaje?" akauliza.

"Wamesema usikimbize gari."

Ikawa hivyo kila jioni. Safari ile ilirefuka, foleni ya mpakani haikusogea, kisha mzigo wa kurudi nao ukachelewa. Nilimjibu kwa sauti yangu ya kazini, ile laini ya "fundi yuko njiani" wakati fundi hata kiatu hajavaa. Kumbe ndiyo iliyokuwa inanifaa nyumbani. Jioni moja mvua ilimzuia njiani akawaimbia. Aliwaimbia wimbo mzima, sauti mbovu, ubeti wa Dereva na ubeti wa Utingo, na meza ikasikiliza.

Kilichonitesa zaidi ni kwamba hapakuwa na kitu cha kuonyesha. Kichefuchefu kilikuwa palepale. Sketi zilizidi kunibana. Dawa niliendelea kutumia asubuhi na jioni kwa ajili ya aliyebaki. Mtu amekufa ndani ya nyumba, na nyumba hiyo ni mimi, na hakuna aliyekuja kukaa nami hata dakika moja, kwa sababu ukimtoa Mama Breki hakuna aliyejua pamefiwa. Hata mwili wangu haukuniambia pole. Usiku niliweka mkono tumboni na kumfikiria Dereva, kiumbe kidogo kuliko kidole gumba, aliyelala na mwenzake kimya ubavuni, hajui kwa nini hadithi zimekatika. Najua mtoto wa umri ule hajui lolote. Niliwaza tu.

Kazini nilijikaza kisabuni. Siku moja alipiga mzee mmoja, sauti ya taratibu. Alisema nyumba yake ina mabomba mawili, moja linatoa maji vizuri, la pili limekauka ghafla, na yeye haelewi, si yametoka bomba kuu moja?

"Pole sana, mzee," nikasema, kama nilivyofundishwa. Halafu nikashindwa kuendelea. Nililia kwenye kile kipaza sauti mbele ya mdomo, kwikwi na kamasi, na mazungumzo yetu yote hurekodiwa kwa ajili ya kuboresha huduma.

Mzee alishtuka. "Mama! Mama, usilie. Ni maji tu. Nitachota kwenye lile jingine."

"Samahani, mzee."

"Hapana, mwanangu, mimi ndiye niombe samahani. Nimelalamika sana?"

Nikamwambia hapana, fundi atakuja. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimfuata fundi mwenyewe kwenye chumba chao cha chai na kumsimamia hadi akaondoka. Mzee yule ndiye mtu pekee aliyenibembeleza, na hakujua ananibembelezea nini.

Mume wangu alirudi Jumamosi asubuhi, jua limeshachomoza vizuri. Aliacha tela kwenye yadi ya kampuni akaja na kichwa cha lori, akakiegesha ng'ambo ya barabara ambako watoto wa mtaa wanacheza mpira, na watoto wakamzunguka kama kawaida yao. Aliingia ananukia dizeli na vumbi. Akanikumbatia kwa upande, asiliminye tumbo.

Nilifuata sheria hadi nukta ya mwisho. Nikamwandalia maji, akaoga. Nikapakua chakula, akala. Alikula polepole, akasimulia foleni ya mpakani na dereva aliyeoa kwenye foleni hiyohiyo, akaomba aongezwe. Nikamwongeza. Sahani ilipokuwa nyeupe nikavuta pumzi, lakini alikuwa mwepesi kuliko mimi. Alisukuma kiti, akapiga magoti mbele yangu, akaweka mdomo tumboni.

"Dereva, shikamoo mkuu. Mzee nimefika. Utingo..."

"Utingo hayupo," nikasema.

Aliinua uso. Bado alikuwa na tabasamu, hakuwahi kuliondoa.

"Hayupo wapi?"

"Moyo wake ulisimama. Wewe ulikuwa unateremka mlima. Dereva yuko, mzima kabisa. Utingo ndiye hayupo."

Madereva hawahesabu siku, wanahesabu mahali. Nilimwona anarudi nyuma kituo kwa kituo. Alibaki amepiga magoti.

"Kwa hiyo nilipopiga kutoka kwenye mizani..."

"Alikuwa ameshaondoka."

"Na mpakani?"

"Ameshaondoka."

"Siku ya mvua? Nilipoimba?"

Nikaivuta sahani tupu upande wangu.

"Niliimba ubeti wake," akasema. "Simu ulikuwa unaiweka wapi?"

Ningeweza kudanganya, nilikuwa nimeshapata mazoezi ya kutosha. "Mezani."

"Mezani."

"Karibu na chumvi," nikasema. Sijui kwa nini niliongeza hilo.

Alisimama. Nimeishi na mtu huyu miaka yote hiyo na sijawahi kumwona na uso ule. "Mimi nimekuwa naongea na chumvi? Mwanangu amekufa, na mimi naiambia chumvi imfinye mwenzake?"

Hasira zangu nazo zikapanda, zilikuwa zimesubiri zamu kwa muda mrefu. "Wewe mwenyewe ndiye uliyesema! Ulikaa hapohapo, unafunga kamba za viatu, ukaniambia nikiwa njiani usiniambie baya!"

"Nilisema paa! Nilisema mwizi, nilisema mama yako na mama yangu wakigombana! Sikusema mwanangu!"

"Na mwanao ni jambo dogo kuliko paa? Ulitaka nikuambie ukiwa mlimani, na saruji mgongoni?"

"Ningeegesha!"

"Ukishaegesha, halafu? Ungelia porini peke yako!"

"Kwani wewe ulilia na nani?" akasema.

Swali lenyewe hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayetaka kujua kweli. Nikafungua mdomo nimtajie mtu, na mtu niliyempata ni mzee wa mabomba mawili, ambaye hata jina lake silijui. Nikaufunga.

Akavaa ndala akatoka. Nilisikia mlango wa lori ukibamizwa. Injini haikuwaka.

Niliosha vyombo. Niliosha kwa hasira, nikaosha hata vilivyokuwa safi. Nilikuwa na hoja nzuri sana kichwani, zimepangika, na hapakuwa na mtu wa kumpa. Chakula kilichobaki nilikifunika. Kisha nikafuta mikono na kuvuka barabara.

Alikuwa amekaa kwenye usukani, ameushika kwa mikono miwili kama yuko safarini, anatazama ukuta wa jirani. Nilizunguka upande wa pili, nikashika ile nondo ya kupandia. Kupanda lori ukiwa mjamzito si mchezo. Aliniona ninahangaika, akainama na kunivuta mkono hadi nikakaa kiti cha abiria. Mpira wa watoto ukagonga tairi, wakaja kuuchukua, wakaondoka.

"Niambie," akasema. "Tangu mwanzo. Usiruke kitu."

"Uko kwenye usukani."

"Niambie hivyohivyo."

Nikamwambia. Nikaanza na jeli jinsi ilivyokuwa ya baridi, na daktari alivyonyamaza, na nesi alivyoisogeza skrini. Hakunikatiza. Nilipofika pale nilipoomba irudishwe, akaniuliza, "Ukamwona?"

"Nikamwona."

"Alikuwaje?"

"Mdogo. Ametulia. Amejikunja."

"Alikuwa mbali na mwenzake?"

"Hapana. Kuna ukuta mwembamba sana katikati yao, kama utando. Alikuwa ameuegemea."

"Upande wa mwenzake?"

"Upande wa mwenzake."

Paji lake la uso likaangukia usukani, na honi ikalia. Ililia mtaa mzima, honi ile kubwa ya barabara kuu. Watoto waliruka, kisha wakashangilia na kupunga mikono, wakidhani anawasalimia wao. Mume wangu aliinua uso umelowa chapachapa, akawapungia, maana na yeye alilelewa hivyo. Kisha akanigeukia.

"Endelea," akasema, nami nikaendelea.